Wakili wa Moshi aliyeipeleka Ngarenanyuki New York

Katikati ya mwaka 1952, wakili kijana wa mjini Moshi alikwenda New York kuishtaki Serikali ya Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakuwa Mchaga wala Mmeru. Hakuwa hata Mtanganyika. Aliitwa Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa Bermuda mwaka 1924, na wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 30. Waliomtuma walikuwa wakulima na wafugaji wa Kimeru ambao miezi michache nyuma walichomewa nyumba na kufukuzwa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki mwa Mlima Meru.

Leo ukisimama pale mnara wa saa Moshi mjini ukauliza Seaton ni nani, utatazamwa kama mtu anayeulizia gesti iliyofungwa zamani. Watu wanamjua Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900. Wanamjua Mangi Mkuu Thomas Marealle. Wanakijua chama cha ushirika cha KNCU na kahawa yake, na wana haki ya kujivunia yote hayo. Lakini mimi nasema hivi: katika mawakili wote waliowahi kuweka ofisi katika mji huu, hakuna aliyechangia zaidi ya Seaton kuwafundisha Watanganyika namna ya kudai haki yao mbele ya dunia. Tukimsahau, tunasahau pia tulivyoanza.

Bermuda, kwa anayeshika ramani, iko kaskazini mwa Karibi, peke yake katika Atlantiki. Ila watu wake weusi ni wajukuu wa utumwa uleule, na wengi wana asili ya visiwa vya Karibi kama St Kitts. Enzi za ujana wa Seaton, kura kule ilikwenda na umiliki wa ardhi, kwa hiyo mtu mweusi asiye na kiwanja hakuwa na sauti. Shule zilitenganishwa kwa rangi. Katika majumba ya sinema watu weusi walitengewa viti vyao, na utaratibu huo ulivunjwa na mgomo wa mwaka 1959. Mtu aliyeitikisa Bermuda katika miaka ya 1940 alikuwa mhamiaji: Dk. Edgar Fitzgerald Gordon, tabibu kutoka Trinidad, aliyeongoza chama cha wafanyakazi na mwaka 1946 akavuka bahari hadi London na maombi yaliyojaa saini. London haikumpa alichotaka. Hata hivyo kijana wa Bermuda wa kizazi kile alikua akijua kuwa malalamiko yanaweza kuandikwa, kutiwa saini na kupelekwa mbali, na kwamba anayeyabeba si lazima awe mzaliwa wa hapo.

Seaton alifika Moshi mwishoni mwa miaka hiyohiyo. Kwa mtu mweusi mwenye taaluma, ulikuwa mji wa mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande mmoja, Wachaga walikuwa mbele kuliko wengi katika Tanganyika: reli ya kutoka Tanga ilifika kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kahawa iliingiza fedha, ushirika wao ulisimama tangu 1933, na shule za misheni zilitoa wasomi kila mwaka. Upande wa pili, ukoloni ulikuwa umejigawa kwa rangi kama kwingine kote: shule ya Mzungu, shule ya Mhindi, shule ya Mwafrika. Uwakili ulikuwa kazi ya Wazungu na Waasia. Halafu kulikuwa na sheria ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia: wakili hakuruhusiwa kusimama katika mahakama za wenyeji, yaani palepale ambapo Mwafrika wa kawaida alikuwa anahukumiwa.

Mzozo mkubwa ulikuwa ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwenye kihamba Kibosho au Marangu, aliyezika baba na babu yake chini ya migomba, kisheria alikuwa kama mtu anayevumiliwa. Juu alibanwa na msitu wa hifadhi, chini akabanwa na mashamba ya walowezi. Meru hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mashamba ya Wazungu yalikuwa yameuzunguka mlima kama mkanda, na mwenye ng'ombe aliyetaka kushuka malishoni ilimbidi apite katikati ya mali za watu.

Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Tume haikuwa mbaya yote. Ilikiri kuwa watu wamebanwa na ikapendekeza baadhi ya ardhi irudishwe kwa wenyeji. Tatizo ni kwamba mpango wake ulitaka kupanga upya kila kitu kwa rangi: Wazungu eneo lao moja lililoungana, Waafrika lao. Ili mstari huo unyooke, Wameru waliokuwa katika mashamba namba 31 na 328 huko Ngarenanyuki ilibidi waondoke wapelekwe Kingori, mahali walipopalalamikia kwa joto, malaria na maradhi ya mifugo. Ngarenanyuki ingekuwa ya ranchi za Wazungu, za maziwa na nyama.

Wameru walikataa kuhama. Walikataa fidia pia, jambo ambalo naona lina uzito mkubwa kuliko tunaolipa, kwa sababu anayepokea fidia amekubali kuwa shamba limeuzwa. Novemba 1951, chini ya Gavana Edward Twining, askari waliingia. Nyumba zilichomwa na kubomolewa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakatolewa. Wanaume hawakushika mikuki. Walikaa pembeni wakatazama, kisha wakaanza kuchangishana fedha.

Hapo ndipo wakili wa Moshi anapoingia, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na elimu. Kwa kawaida koloni halikuwa na pa kwenda. Ukimshtaki Gavana, unashtaki kwa Waziri wa Makoloni, yaani bosi wake. Lakini Tanganyika haikuwa koloni kamili. Baada ya Vita ya Kwanza iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na baada ya Vita ya Pili ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi. Katiba ya Umoja wa Mataifa iliwapa wakazi wa maeneo kama haya haki ya kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini, na Baraza lilikuwa likituma ujumbe wake kuja kutazama. Wageni hao walipita Tanganyika mwaka 1948, wakarudi mwaka 1951. Haki hiyo ilikuwa kwenye karatasi kwa miaka kadhaa. Ilitakiwa mtu aliyesoma karatasi hiyo, anayeweza kuandika kwa lugha ya Baraza, na asiyekuwa na hofu ya kunyimwa kazi serikalini.

Linganisha na jirani. Mkikuyu wa Kiambu au Nyeri alikuwa na kilio kilekile cha ardhi, pengine kikali zaidi. Lakini Kenya ilikuwa koloni na New York haikuwa na mlango kwa ajili yake. Oktoba 1952, wakati faili la Wameru liko mezani Umoja wa Mataifa, Kenya ilitangaziwa hali ya hatari, na kilichofuata kila mmoja anakijua: makambi, kunyongwa, misitu ya Aberdare. Sisemi kwamba Wameru walikuwa wapole na Wakikuyu wakali. Nasema tu kwamba upande mmoja wa mpaka palikuwa na tundu dogo katika sheria na palikuwa na wakili aliyeliona.

Seaton alitangulia New York, akafuatiwa na Kirilo Japhet, Mmeru aliyechaguliwa na watu wake kuwasemea. Kirilo ndiye kwa kawaida anayetajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka karibu mitatu kabla ya Nyerere. Safari ililipwa na michango ya watu ambao wengi wao walikuwa wametoka kupoteza nyumba na ng'ombe.

Baraza la Udhamini liliwasikiliza Juni na Julai 1952. Baraza hilo lilikuwa limeundwa kwa namna ambayo nusu ya viti ni vya nchi zinazosimamia maeneo ya udhamini na nusu ni vya nchi zisizosimamia. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji walikuwa waamuzi wa kesi zinazowahusu wao wenyewe. Matokeo yake lilitoka azimio laini la kusikitika na kushauri. Mwenye ng'ombe aliyekuwa Kingori hakuweza kula masikitiko.

Hawakukata tamaa. Walisubiri Mkutano Mkuu wa mwishoni mwa mwaka na kupeleka shauri katika Kamati ya Nne, ambako nchi zote wanachama zilikaa: India, Haiti, Liberia, nchi za Kiarabu, Amerika ya Kusini. Huko hesabu zilibadilika. Kamati ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Siku ya kura katika kikao cha wote, Desemba 1952, wengi waliunga mkono azimio, lakini hawakufikia theluthi mbili iliyotakiwa. Likaanguka.

Kwa hiyo vitabu vinaandika kuwa kesi ilishindwa. Kwa kura, ndiyo. Ila mimi sijawahi kuelewa kwa nini tunaishia hapo. Serikali iliyozoea kuamua ardhi ya watu kwa sahihi ya Gavana ililazimika kutuma wanadiplomasia wake kujieleza, tena mara mbili katika mwaka mmoja, kwa sababu ya mashamba mawili ambayo London hakuna aliyekuwa ameyasikia. Kirilo aliporudi akazunguka akieleza alichokiona. Mohamed Said, katika kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes, ameonyesha jinsi viongozi wa Dar es Salaam wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, walivyokuwa wakishauriana na Seaton na jinsi kesi ya Meru ilivyotumika kuamsha watu mikoani. TANU ilizaliwa Julai 1954. Machi 7, 1955, Nyerere alisimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini. Njia ya kupita, utaratibu wa kuomba kusikilizwa, hata desturi ya kuchanga senti ili mmoja wetu apande ndege, vyote vilikuwa vimeshafanyiwa majaribio na wakulima wa Meru na wakili wao.

Na ardhi? Ranchi zile hazikushamiri kama zilivyoahidiwa, na baada ya uhuru Ngarenanyuki ilikuwa tena ya Wameru. Ukienda huko sasa, kwenye ile nchi kavu kati ya milima miwili, Meru magharibi na Kilimanjaro mashariki asubuhi kukiwa hakuna mawingu, utakuta matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara yakingoja Fuso, dalali anabishana na mama mwenye shamba kuhusu ujazo wa tenga. Hakuna anayebishana kama shamba ni la nani.

Kuna watakaonijia juu, na wana hoja. Watasema huu ulikuwa ushindi wa Wameru, na si vizuri wakili mgeni kuvikwa koti la shujaa. Nakubali kabisa. Waliokataa fidia ni wao, waliochomewa ni wao, waliochanga ni wao. Seaton mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo, kikachapishwa Nairobi na East African Publishing House, na kwenye jalada jina la Kirilo linatangulia. Msomi aliyezoea kuandika angeweza kupanga vingine bila mtu kumuuliza.

Kilichonivutia zaidi kwa Seaton ni kwamba hakuja kupita. Baada ya uhuru aliitumikia nchi hii kama mtaalamu wa sheria za kimataifa. Mwaka 1973 yeye na Sosthenes Maliti walichapisha kitabu kuhusu mikataba ya Tanzania, kinachoeleza msimamo ambao ulimwengu wa sheria unauita kwa jina la Nyerere: kwamba taifa jipya halirithi moja kwa moja mikataba ya mkoloni, linajipa muda wa miaka miwili kuichambua, isiyofaa ikaachwa. Mikataba ya Mto Nile ni mojawapo ya mambo yaliyoguswa na msimamo huo, na mabishano yake hayajaisha hadi leo. Alikaa kitini kama Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na hukumu zake za miaka ya 1960 bado zinanukuliwa na wanafunzi wa sheria ambao sidhani kama wanajua alikotoka. Baadaye alirudi Bermuda akawa jaji, akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa katika Mahakama ya Juu ya Uganda. Mtoto wa kisiwa kisichompa mtu mweusi asiye na kiwanja kura, akaishia kuhukumu katika nchi nne.

Basi kwa nini hatumjui? Tunamjua Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika kitabu chake maarufu akiwa Mlimani. Tunawasikia mara kwa mara akina Pete na Charlotte O'Neal, Wamarekani weusi waliotoka chama cha Black Panther wakaweka makazi Imbaseni, upande wa Meru. Seaton aliwatangulia wote. Nadhani kuna sababu mbili. Kwanza, alikuwa mtu wa mafaili. Rodney alihutubia, na hotuba hukumbukwa. Wakili huandika aya ya kumi na saba ya malalamiko, na aya hiyo ikifanikiwa, sifa huenda kwa aliyeisoma mbele ya kamera. Pili, na hili linaniuma zaidi, historia yetu ya kaskazini tumeigawa kwa makabila kuliko hata Tume ya Wilson ilivyogawa ardhi. Meru ni ya Wameru, kesi yao ni yao. Moshi ni ya Wachaga, mashujaa wake ni mamangi. Mtu aliyeishi Moshi akawatetea Wameru, tena akiwa ametoka Bermuda, hana ukoo wa kumkumbuka. Kati ya Moshi na Meru ni kilomita zisizozidi 80, lakini kwa kumbukumbu ni nchi mbili.

Jambo hili si la makumbusho tu. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, ziliboresha mengi na kuipa milki ya kimila heshima sawa na hati. Bado, mzizi wa mwaka 1923 uko palepale: ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo swali la Ngarenanyuki, kwamba mwananchi anayeambiwa ahame kwa manufaa ya wengi anasikilizwa wapi na nani, halijazeeka. Tumeliona Loliondo na Ngorongoro mwaka 2022, wenyeji walipotakiwa kuhama. Wenyeji wa Loliondo walikuwa wameshakwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo Arusha mjini. Septemba 2022 walishindwa kwa hoja ya ushahidi, na mwaka uliofuata kitengo cha rufaa kikaamuru shauri lisikilizwe upya. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika mgogoro ule. Mimi nataka tu kuonyesha kitu kimoja nilichokisikia tena na tena katika mabishano yake: kwamba wanaolalamika wamechochewa na watu wa nje.

Maneno hayo nayajua. Ndiyo lugha iliyotumiwa na wakoloni kwa kila mkulima aliyepata wakili. Kwa mtazamo huo, Mmeru hawezi kulijua shamba lake mpaka mgeni amweleze, na mgeni akimsaidia, basi malalamiko si ya Mmeru tena. Kama tungelikubali hilo mwaka 1952, Kirilo asingesafiri. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, lakini usiguse faili.

Nayasema haya kwa mawakili vijana hasa, wale ninaowaona na majoho yao mikononi wakiingia Mahakama Kuu, Kanda ya Moshi. Wengi wao wanatamani kesi za kampuni na za benki, na siwalaumu, kodi ya ofisi lazima ilipwe. Lakini wajue kwamba katika mji huuhuu, wakili mwenzao mwenye umri kama wao aliwahi kuchukua kesi ya watu waliochomewa nyumba, dhidi ya dola ya kikoloni kubwa kuliko zote wakati ule, katika chombo ambacho hakuna Mtanganyika aliyewahi kukikanyaga.

Na ninaomba jambo moja, ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton kichapishwe upya, na kichapishwe kwa Kiswahili, ili mama wa nyanya Ngarenanyuki na mwanafunzi wa sekondari Old Moshi waweze kukisoma bila mkalimani. Chama cha Mawakili wa Tanganyika kina matawi Moshi na Arusha. Yakishirikiana, kazi hii inaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja. Nakala ya kwanza ipelekwe maktaba ya shule ya kata Ngarenanyuki, na ya pili iwekwe mapokezi ya Mahakama Kuu Moshi, mahali ambapo kila mwenye kesi ya ardhi atalazimika kuiona akisubiri kuitwa.